Wakuu, "imesajiliwa" maana yake nini hasa kwenye mambo ya seli shina?

#1 Chuma cha Reli

Habari za jioni wanajamvi.

Wiki iliyopita kuna dada kaja ofisini kwetu na vipakiti vya unga. Boksi moja laki mbili na nusu. Unamwaga chini ya ulimi, unatulia kidogo, halafu kisukari, presha, magoti, nguvu za kiume, vyote kwaheri. Mwenyewe anaziita "stemseli". Bosi wetu kanunua maboksi mawili palepale. Mimi nikauliza, hii kaithibitisha nani? Dada hakupepesa jicho: "Imesajiliwa, kaka." Wapi? "Kimataifa."

Kwa ubishi wangu nikaingia mtandaoni usiku kuitafuta hiyo sajili ya kimataifa. Nikakuta kweli lipo daftari, linaitwa hPSCreg, liko Berlin, fedha zake zinatoka Tume ya Ulaya, na kulifungua ni bure hata kama wewe ni muuza mitumba. Ndani kuna koo za seli shina za binadamu, yaani seli zinazoweza kugeuka aina nyingine za seli, na ukoo ni seli zilizozaliana maabara kutoka chanzo kimoja. Kila ukoo una ukurasa wake: maabara iliyoutengeneza, umetoka kwenye kiinitete (mimba changa ya siku chache) au kwenye ngozi au damu ya mtu, aliyetoa aliridhia nini, na vipimo ulivyopita. Unga wa kulamba sijauona.

Sasa ninachouliza, daftari lote hili ni kwa faida ya nani? Aliyetoa seli? Mgonjwa? Au ni wanasayansi wanajuana wenyewe kwa wenyewe? Mimi naona ni urasimu wa Wazungu tu, makaratasi ya kuombea fedha. Wajuzi karibuni mnisahihishe.

#2 Kisu Butu

Bosi kalamba?

#3 Chuma cha Reli

Siku ya sita leo. Anasema anajisikia mwepesi.

#4 Kisu Butu

Laki tano zimetoka mfukoni, ataachaje kuwa mwepesi.

#5 Njoro254

Kiswahili changu ni cha Nakuru, mtanivumilia. Ya urasimu hapana, mkuu. Daftari lipo kwa sababu seli ndani ya chupa hazina sura. Huwezi kuziangalia ukasema hizi za Juma, hizi za Otieno.

Mnazijua seli za HeLa? Zilitoka kwa Henrietta Lacks, mama Mmarekani mweusi aliyeugua saratani ya mlango wa kizazi, hospitali ya Johns Hopkins, 1951. Hakuulizwa. Zile seli zinakua kwa fujo hata tone likidondokea chupa ya jirani linawameza wenyeji. Kuna seli ziliitwa HEp-2, watu wakazitumia miaka na miaka wakidhani ni saratani ya zoloto, kumbe ni mama Lacks yuleyule. Leo kuna kamati ya kimataifa, ICLAC, inayotunza orodha ya seli zenye utambulisho wa uongo, na zimepita 500.

Majina nayo ni balaa. Ukisikia "H9" unaweza kudhani ni moja. Kuna H9 ya Wisconsin, seli shina za kiinitete alizozitoa James Thomson 1998. Kuna HUES9 ya Harvard. Halafu kuna H9 nyingine kabisa, ya seli za damu, iliyotumika sana kwenye utafiti wa UKIMWI. Mtu anaandika "tulitumia H9", wewe unabaki kupiga ramli. Ndiyo maana hPSCreg wanatoa jina moja tu kwa kila ukoo. Ile ya Wisconsin kule ni WAe009-A. WA ni chimbuko, "e" ni kiinitete (ingekuwa "i" ni zile zilizogeuzwa kutoka seli za kawaida), 009 ni mtoaji, A ni tawi. Kama namba ya gari tu.

#6 Tumbiri

Ukoo wa seli una mjomba? Mahari anapokea nani?

#7 Ustadh Mkwezi

Kabla hamjaendelea, hili neno "seli shina" lina walakini. Shina haliwi mti mwingine likikatwa kila mara, lakini hizi zinaweza kuwa nyama, mfupa, moyo. "Seli mama" ingekaa vizuri zaidi. Ni maoni yangu tu, msinirushie mawe.

#8 Kisu Butu

Ustadh, muhogo unapandwa kwa nini?

#9 Ustadh Mkwezi

Haya, nimekubali. Muhogo umenishinda.

#10 Mtanga wa Berlin

Nimeitwa na rafiki kuja kusoma uzi huu. Nafanya kazi maabara hapa Berlin, mimi ndiye huwa najazishwa hizo fomu, kwa hiyo nina chuki binafsi na mada.

Njoro umesema kweli lakini umeanzia katikati. Daftari lilianza 2007, na wakati ule liliitwa hESCreg kwa sababu lilikuwa la seli za viinitete peke yake. Kilicholizaa si kuchanganyikiwa kwa majina, ni ugomvi wa maadili. Fedha za utafiti za Ulaya zinatoka kapu moja, ila nchi zina sheria zinazopingana. Uingereza wanaruhusu kutoa seli kwenye viinitete kwa leseni, na sharti mojawapo ni kupeleka sampuli kwenye benki yao ya taifa ya seli shina. Ujerumani ni marufuku.

#11 Bwana Shauri

Samahani, kama Ujerumani ni marufuku, hilo daftari linafanya nini Berlin? Hapo si sawa na kuweka kiwanda cha bia Makka?

#12 Mtanga wa Berlin

Nilijua litakuja. Marufuku ni kuzitengeneza hapa. Kuingiza kutoka nje inaruhusiwa kwa kibali, mradi ukoo wenyewe uwe ulizaliwa kabla ya tarehe fulani. Sheria ya 2002 ilisema kabla ya 1 Januari 2002. Bunge likasogeza 2008, ikawa kabla ya 1 Mei 2007. Ukivunja, kifungo kinaweza kufika miaka mitatu. Kwa hiyo kwangu mimi tarehe ya kuzaliwa ya ukoo si jambo la kupendeza tu kulijua, ni baina yangu na polisi. Na vibali vyote vya hapa vinawekwa hadharani na taasisi ya Robert Koch, yeyote anaweza kusoma nani anafanya nini na ukoo upi.

Kuhusu kujaza: wanataka uthibitisho wa kamati ya maadili, wanataka fomu ya ridhaa iliyotumika (tupu, si iliyosainiwa, jina la mtoaji halitakiwi), wanataka picha ya kromosomu, alama za DNA za kuthibitisha kwamba seli ni zilezile, kipimo cha maikoplazma (bakteria wadogo wanaochafua seli), na ushahidi kwamba kweli zinaweza kugeuka aina zote za mwili. Ukikamilisha unapewa cheti. Mradi wa fedha za Ulaya bila cheti hauendi. Kuna na jarida moja la fani yetu, Stem Cell Research, halichapishi taarifa ya ukoo mpya kama haujasajiliwa.

Mleta mada, kwa hiyo ndiyo, ni makaratasi ya kuombea fedha. Hujakosea. Umekosea tu kudhani makaratasi ya kuombea fedha hayana kazi nyingine.

#13 Wakili Kanzu

Nikazie hapo kwa Mtanga. Mnaongea utambulisho na ubora, lakini daftari la kwanza lililotikisa dunia lilikuwa la kisiasa tupu. Bush, Agosti 2001, alipopiga marufuku utafiti wa seli za viinitete Marekani.

#14 Njoro254

Wakili, hakupiga marufuku. Alizuia fedha za serikali kuu zisiende kwa koo zilizotengenezwa baada ya 9 Agosti 2001. Mwenye hela zake binafsi aliendelea kama kawaida.

#15 Wakili Kanzu

Nakubali masahihisho. Lakini angalia orodha yenyewe. Rais akasimama mbele ya taifa akasema koo zilizopo ni zaidi ya 60. NIH, taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, wakazisajili, orodha ikafika 78. Zilizokuja kupatikana kweli na watafiti? Kama 21. Nyingine zilikufa kwenye friza, nyingine zilikuwa za watu wasiotaka kuzitoa. Daftari lilijaa, ghala halina kitu. Sisi tuliosoma habari za watumishi hewa tunaelewa.

Na hata hizo 21 zilikuja kuleta aibu. Mwaka 2008 mwanafalsafa mmoja wa Wisconsin, Robert Streiffer, aliomba fomu za ridhaa zilizotumika, akazisoma moja baada ya nyingine. Kumbe baadhi hazikuwaambia wazazi mambo ya msingi. Koo zimeshatumika miaka saba na fedha za serikali, zikiwa na muhuri wa "zinakubalika kimaadili", na hakuna aliyesoma karatasi!

#16 Bwana Shauri

Kwa hiyo daftari halikuwa na maana.

#17 Wakili Kanzu

Kinyume chake. Kwa kuwa orodha ilikuwa wazi, mtu baki aliweza kujua aanze kuuliza wapi. Ingekuwa kabatini asingejua hata zipo ngapi.

Obama alipobadilisha sera Machi 2009, daftari jipya la NIH likaanza upya, kila ukoo unakaguliwa na karatasi zake. Desemba wakapitisha 13 za kwanza. H9 maarufu ikasubiri mpaka 2010. Na mwaka huohuo makumi ya koo kutoka kliniki moja ya Chicago yakakataliwa. Seli hazikuwa na kasoro. Fomu ilikuwa na kipengele kinachomtaka mtoaji aahidi kutoishitaki kliniki kwa lolote. Sentensi moja tu, koo zote nje.

#18 Mama Wawili

Samahanini naingilia, si mtaalamu. Mimi nina mtoto wa siko seli, ana miaka tisa.

Alipokuwa na miaka minne tulilazwa hospitali moja, sitaitaja. Mtoto analia mifupa, nimekesha siku mbili, akaja kijana na karatasi za utafiti, anataka damu kidogo. Kurasa nne za Kiingereza. Akanipa kalamu. Nikasaini. Mpaka leo sijui ile damu ilikwenda wapi. Ninyi mnasema hizo koo siku hizi zinatengenezwa hata kwa damu. Je, mwanangu anaweza kuwa humo daftarini? Naweza kumtafuta?

#19 Mtanga wa Berlin

Dada pole sana.

Kwanza nikutoe hofu, damu nyingi za utafiti huishia kwenye vipimo vya kawaida na kutupwa. Kugeuza damu kuwa seli shina kunawezekana tangu mwanasayansi Mjapani Yamanaka aonyeshe njia, panya 2006 na binadamu 2007, lakini kwa ukoo mmoja ni kazi ya miezi na gharama kubwa. Haifanywi kwa kila chupa.

Pili, hata kama ipo humo, hutaiona kwa jina. Wanaandika jinsia, umri kwa makadirio, asili, ugonjwa. Basi. Imekusudiwa hivyo. Na mimi hapo huwa pananikwaza, nasema ukweli: pazia linalomficha mtoto wako dhidi ya macho ya watu ndilo hilohilo linalomficha dhidi yako wewe mama yake.

#20 Wakili Kanzu

Mama Wawili, kila utafiti halali kwa binadamu hapa Tanzania una kibali cha maadili chenye namba, na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, huwataka watafiti walete fomu ya Kiswahili pamoja na ya Kiingereza. Nakala yako uliachiwa? Huwa na namba na simu ya kamati. Na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, una haki ya kuuliza.

#21 Mama Wawili

Nakala sikumbuki. Nitaangalia kwenye mfuko wa makadi yake. Asante.

#22 Neema Tele Afya

Shalom wapendwa! Mama mwenye mtoto wa selimundu usikate tamaa, kuna ushuhuda mwingi wa stemseli za tunda la tufaa, mtoto anarudia hali yake kabisa. Bidhaa IMESAJILIWA. Njoo inbox.

#23 Kisu Butu

Huyu hapa, kajileta mwenyewe!

#24 Tumbiri

Tufaa likiwa na seli shina nzuri hivyo mbona lenyewe linaoza?

#25 Njoro254

Neema, mama wa watu ana mtoto mgonjwa. Kaa mbali naye.

Kwa faida ya wengine: seli ya mmea haiwi seli ya binadamu, na seli yoyote ukiimeza inakuwa chakula. Matibabu ya kweli yakoje? Chukua kisukari aina ya kwanza. Juni 2025 kampuni ya Vertex ilitoa matokeo: seli shina za binadamu zimegeuzwa maabara kuwa seli za kutengeneza insulini, zikaingizwa kwenye ini kupitia mshipa. Kati ya 12 waliopata dozi kamili, 10 baada ya mwaka hawakuhitaji kujidunga insulini. Lakini wanatakiwa kumeza dawa za kutuliza kinga ili mwili usizikatae. Hiyo ndiyo bei yake hata kabla ya pesa. Chini ya ulimi haimo.

#26 Bwana Shauri

Mimi ningependekeza kitu rahisi. Mtu akikuambia tiba, muulize kama imesajiliwa ClinicalTrials.gov ya Marekani. Ikiwa humo ni salama, isipokuwemo ni tapeli. Tumemaliza.

#27 Mtanga wa Berlin

Shauri, hapo tafadhali rudi nyuma hatua tatu.

ClinicalTrials.gov ni ubao wa matangazo ya majaribio, si kibali. Miaka ile mtu aliweza kuandikisha jaribio lake na likaonekana humo pamoja na ya vyuo vikuu. Florida kuna kina mama watatu wenye matatizo ya macho ya uzee, miaka 72 mpaka 88. Walitolewa mafuta mwilini, yakadaiwa kuwa seli shina, wakadungwa macho yote mawili siku moja. Kila mmoja alilipa dola 5,000. Walikuja kupofuka au karibu na kupofuka, madaktari wakaripoti Machi 2017. Baadhi walikuwa wamekuta habari za kliniki kwenye tovuti hiyohiyo unayosema, wakaamini wako kwenye utafiti. Utafiti halali haukutozi kudungwa, na hakuna mtafiti mwenye akili anayegusa macho yote mawili siku moja.

#28 Chuma cha Reli

Daah. Kwa hiyo hapa tuna madaftari aina mbili tofauti, la koo za seli na la majaribio ya tiba, na yote mawili "kusajiliwa" hakumaanishi ninachodhani mimi.

#29 Wakili Kanzu

Ongeza la tatu, la wachangia uboho, ule ute wa ndani ya mifupa wenye seli shina za damu. Lile ndilo linaloweza kumgusa Mama Wawili.

#30 Mama Wawili

Hilo ndilo nilidhani mnaliongelea toka mwanzo! Daktari alishaniambia habari ya kupandikiza uboho, akasema apimwe ndugu yake kwanza.

#31 Njoro254

Yeah, ndugu wa baba na mama mmoja ana nafasi moja kati ya nne ya kulingana kikamilifu. Asipolingana ndipo unatafuta mtu baki kwenye sajili, duniani ni zaidi ya watu milioni 40. Lakini waliojaa humo ni Wazungu, na Mwafrika hulingana kirahisi zaidi na Mwafrika. Afrika Kusini wanayo yao tangu 1991. Huku kwetu Afrika Mashariki tungekuwa na yetu kubwa, story ingekuwa tofauti.

#32 Ustadh Mkwezi

Kupandikiza uboho si lazima mtu asafiri sasa. Muhimbili walianza 2021, na Benjamin Mkapa pale Dodoma wamewapandikiza watoto wa siko seli tangu 2023. Mama, ulizia.

#33 Mama Wawili

Asante Ustadh. Dogo wake hakulingana. Ndiyo maana nafuatilia kila kitu.

#34 Kisu Butu

Mimi utani pembeni leo. Swali kwa Mtanga na Njoro. Tanzania kila mwaka wanazaliwa watoto kama 11,000 wenye siko seli. Hao wanaotengeneza koo za seli za siko seli za kufanyia utafiti wa dawa, wamezitoa wapi? Za kwetu zimo?

#35 Mtanga wa Berlin

Mkusanyiko ninaoujua mimi ni wa Chuo Kikuu cha Boston, waliutangaza 2017. Walikusanya kwa wagonjwa Wamarekani weusi, Wabrazil na Wasaudi, makusudi wapate zile aina kuu za asili ya kijeni za siko seli. Ile inayoitwa aina ya Bantu, ambayo ndiyo ya huku kwetu, ndiyo iliyotawala Brazil.

#36 Kisu Butu

Yaani ukoo wetu umefika maabara ya Boston kwa kupitia merikebu ya utumwa, Brazil, halafu ndege?

#37 Tumbiri

Nilikuwa nataka kucheka nikashindwa.

#38 Njoro254

Na si siko seli peke yake. Mwaka 2010 watafiti walipima koo za viinitete zilizokuwa zinatumika sana, wakakuta karibu zote asili yake ni Ulaya na Mashariki ya Kati, na baadhi zilikuwa ndugu wa tumbo moja. Ya asili ya Afrika ndiyo ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Sababu ni wazi, viinitete vilitoka kwa wazazi waliolipia upandikizaji mimba. Mwenye hela ndiye kiinitete chake kinabaki.

#39 Bwana Shauri

Sasa zimeshapatikana za ngozi na damu, hazihitaji kliniki za matajiri. Kwa nini bado hatumo? Nasema ni uvivu wa serikali zetu.

#40 Njoro254

Ni vifaa, bana. Seli zinalala kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi hasi 196. Ikikauka kwenye tangi wikendi moja, kazi ya miaka mitatu imekwisha. Chakula cha seli kinaagizwa nje, kinafika kimekaa bandarini, kimeharibika.

#41 Wakili Kanzu

Sampuli za DNA mbona zinatunzwa? Mradi wa H3Africa, wa utafiti wa jeni Afrika, ulikuwa na benki ya sampuli Uganda, Nigeria na Afrika Kusini. Kwa hiyo kutunza tunaweza. Tatizo ni imani. Mtu akiona mkataba wa kuhamisha sampuli nje anaona Henrietta Lacks. Familia yake ilikuja kupatana na kampuni ya Thermo Fisher Agosti 2023, miaka 72 baada ya seli kuchukuliwa. Na 2013 jinomu (ramani yote ya DNA) ya seli zake ilikuwa imewekwa mtandaoni bila wajukuu kuulizwa! "Wazi" ni neno tamu mpaka kiwe kitu chako kilichowekwa wazi.

#42 Mtanga wa Berlin

Mimi naona ni mazoea. Maabara ikishaizoea H9 haibadilishi. Bosi wangu alianza nayo akiwa mwanafunzi, atastaafu nayo. Ukimwambia kuna ukoo mpya kutoka mahali fulani anakuuliza umechapishwa mara ngapi. Haujachapishwa kwa sababu hautumiwi, hautumiwi kwa sababu haujachapishwa.

#43 Ustadh Mkwezi

Na dini msiisahau. Wakatoliki, Vatikani waliandika 2008 wazi kwamba kuharibu kiinitete hapana. Kwetu, wanachuoni wa baraza la fiqhi la Makka 2003 waliruhusu vile vilivyobaki kwenye upandikizaji kwa ridhaa ya wazazi, na wengi wanaangalia zile siku 120 za kupulizwa roho. Lakini nenda msikitini au kanisani kwetu useme "seli shina", utaulizwa kama ni za watoto wa mimba zilizotolewa. Hakuna aliyewaeleza kwamba nyingi siku hizi ni za damu ya mtu mzima.

#44 Bwana Shauri

Bado nasema serikali.

#45 Kisu Butu

Shauri hata mvua isiponyesha.

#46 Njoro254

Nirudi kwa mleta mada na daftari lake: je, linazuia uongo? Kisa cha mwanasayansi Hwang Woo-suk wa Korea Kusini kinanikosesha usingizi. Mwaka 2004 na 2005 alitangaza kwenye jarida la Science kwamba ameklonisha viinitete vya binadamu (yaani kutoa nakala ya mtu kwa seli yake), na ile ya pili ilikuwa na koo 11 za wagonjwa. Uongo. Mayai mengine yalitoka kwa wasichana watafiti wa maabara yake mwenyewe. Januari 2006 makala zikafutwa. Ukabaki ukoo mmoja, NT-1, na 2007 watafiti wa Boston wakaonyesha si klonisho, ni yai lililojianzisha lenyewe bila kurutubishwa.

Sasa sikia. Mamlaka ya Korea ikakataa kuusajili, ikisema mayai hayakupatikana kihalali na maelezo ya ukoo si kweli. Jamaa akaenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu, na 2015 akashinda.

#47 Chuma cha Reli

Akashinda vipi tena?

#48 Wakili Kanzu

Inategemea unaona usajili ni nini. Ukiuona ni tuzo, ni kashfa. Ukiuona ni kama cheti cha kuzaliwa, hata mtoto wa nje ana haki nacho. Mimi nipo upande wa pili, bora aandikwe na dosari zake kuliko azurure bila jina.

#49 Mtanga wa Berlin

Mimi nipo upande wa kwanza. Mtoto hana kosa, lakini hapa anayeomba cheti ni baba aliyedanganya. Ukimpa, kesho anakitembeza kama yule dada na unga wake.

#50 Wakili Kanzu

Mtanga, daftari lako mwenyewe lina koo zilizogundulika kuwa na kromosomu zilizoharibika. Unazifuta?

#51 Mtanga wa Berlin

Hazifutwi, zinaandikwa kasoro. Hapo umenibana, nitarudi nikishiba.

#52 Chuma cha Reli

Wakuu, mrejesho. Leo nimembana yule dada anitumie ushahidi wa usajili. Kanitumia picha. Ni cheti cha usajili wa jina la biashara.

#53 Kisu Butu

Basi imesajiliwa kweli jamani, tumemsingizia.

#54 Tumbiri

Bosi anasemaje?

#55 Chuma cha Reli

Bosi kaagiza boksi la tatu. Anasema sisi hatutaki maendeleo yake.

#56 Mama Wawili

Wakili, Mtanga, nakala nimeipata, ilikuwa imekunjwa ndani ya kadi ya kliniki. Ukurasa wa mwisho kuna visanduku viwili. Kimoja kinasema sampuli iharibiwe baada ya utafiti huu. Cha pili kinasema inaweza kutunzwa na kutumika kwa utafiti mwingine siku zijazo, ndani au nje ya nchi. Kimewekwa tiki cha pili.

Saini ni yangu, ya kalamu ya bluu. Tiki ni ya wino mweusi.

#57 Wakili Kanzu

Usiitoe hiyo karatasi mikononi mwako. Namba ya kibali ipo?

#58 Mama Wawili

Ipo juu kulia, na simu ya katibu wa kamati. Mtanga nikutumie picha uangalie kile Kiingereza?

#59 Mtanga wa Berlin

Tuma. Funika jina la mtoto kwanza.